Viti Vinavyotembea



Jumamosi alfajiri, Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, kabla daladala hazijajaa, viti vinatembea. Viti vya plastiki, vyekundu na vya bluu, vinabebwa kichwani kutoka nyumba hii kwenda ile. Vingine ni vya jirani Mwislamu, kavitoa kwa moyo mweupe. Leo jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa inasali hapa.

Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikazia kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogondogo, huku huku mitaani. Ndiyo maana Injili inasomwa uani, kando ya ndoo za maji na jiko la mkaa. Mtoto analia, Injili inasomwa. Jogoo anawika, Injili inasomwa. Kisha mwenyekiti anauliza, taratibu: Nani anaumwa? Nani kafiwa? Nani hatujamwona?

Mungu yupo hapo, ndugu yangu. Yupo katika swali hilo, na katika miguu inayoinuka kwenda kugonga mlango wa mgonjwa.

Na kazini kwako, yupo mwenzako ambaye hajaonekana tangu juzi. Mpigie simu leo, kabla ya chai ya saa nne.