Furaha ya Baba kwa Watoto Wadogo: Je, ni Upuzi au ni Ibada?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake wakiwa wadogo wasiojiweza, akatia huruma katika nyoyo za wazee wao ili wapate kuwalea. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo: liko suala ambalo watu hawaliulizi sana kwa ndimi zao, lakini hulijibu kila siku kwa vitendo vyao. Nalo ni hili. Mtu mzima mwenye akili, mwenye kazi yake na sala zake, akikaa na mwanawe wa miaka miwili au mitatu, akacheka naye, akambeba mabegani, akasikiliza maneno yake yasiyotimia, je, mtu huyo amepoteza wakati wake? Au amefanya jambo lenye uzito mbele ya Mola wake?

Wengi katika sisi wanaume wa pwani hulijibu suala hili kwa miguu. Alasiri ikisha, mtu hutoka akaenda zake barazani, akanywa kahawa, akasikiliza khabari za ulimwengu, na arudipo baada ya isha watoto wamekwisha kulala. Mwingine huwamo nyumbani kwa mwili, lakini macho yake yamo katika simu aliyoishika mkononi. Basi mtoto humjua babaye kwa mambo mawili tu: fedha za matumizi na bakora. Hatusemi kwamba watu wote wako hivyo, wala hatusemi kwamba baraza ni haramu. Twasema kwamba mwenendo huu una hoja nyuma yake, na yatupasa kuzipima hoja hizo kwa mizani ya dini na ya akili.

Hoja ya kwanza ni ya mcha Mungu. Husema: Kurani imetuambia kwamba mali na watoto ni pambo la maisha ya dunia, na kwamba wao ni fitna, na imetuonya wasitupumbaze tukaacha kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Basi heri mtu asiutie moyo wake katika pambo lipitalo.

Twajibu: maneno hayo ni ya haki, lakini maana uliyoyapa siyo. Asili ya neno fitna katika lugha ya Kiarabu ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi yake na taka yake. Mtoto ni mtihani, na mtihani haushindwi kwa kuukimbia. Mwenye kuikimbiza dhahabu yake isiuone moto hatajua kamwe ana dhahabu au ana shaba. Kisha Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Al-Furqan, ilipowataja waja wema wa Mwingi wa Rehema, imetaja katika dua zao kwamba humwomba Mola awape katika wake zao na watoto wao kiburudisho cha macho. Je, waja wema huomba upuzi?

Na itazame khabari ya Nabii Musa. Mama yake alipomtia mtoni, Mwenyezi Mungu alimrudisha kwake, na katika sababu alizozitaja ni kwamba jicho la mama lipate kuburudika wala asihuzunike. Zingatia, ewe msomaji: Musa hakurudishwa akiwa Mtume mwenye fimbo mkononi. Alirudishwa akiwa mtoto wa kunyonya, asiyejua hata jina lake. Furaha ile ya mama kwa kichanga imetajwa katika Kitabu kuwa ni kusudi la tendo la Mola. Nani basi ataiita kitu kidogo?

Hoja ya pili ni ya mwenye cheo. Husema: baba akicheka na watoto, haiba yake itavunjika na hawatamcha tena.

Twajibu: mwenye haiba kumshinda Mtume wetu (s.a.w.) ni nani? Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba alisali hali amembeba Umama, binti wa mwanawe Bibi Zainab. Alipokwenda kusujudu humweka chini, na alipoinuka humbeba tena. Na Imamu An-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyekufa mwaka wa 676 Hijria (1277), amesema kwamba hayo yafaa katika sala ya faradhi na ya sunna, na amewarudi wale waliotaka kuyafanya kuwa ni ya sunna peke yake. Na amepokea An-Nasai kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) alirefusha sijida mpaka watu wakadhani limetokea jambo. Alipoulizwa akawaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Msikiti mzima, vipaji vya nyuso chini, wamngojea mtoto amalize mchezo wake! Wala haikusikiwa kwamba haiba ya Mtume ilipungua kwa jambo lile hata chembe. Haiba inayovunjwa na cheko la mtoto haikuwa haiba. Ilikuwa ni woga waliowekewa watu, na woga huondoka siku ile mtoto apatapo nguvu.

Wala tusisahau khabari ya Al-Aqra bin Habis, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Al-Hasan, akasema kwa kujifakhiri kwamba yeye ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume (s.a.w.) alimtazama, akamjulisha kwamba asiyehurumia naye hatahurumiwa. Yule bwana alidhani anasimulia uanaume wake, kumbe alikuwa akisimulia umasikini wake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi katika zama zetu, nayo ni ya mwenye hesabu. Husema: mtoto mdogo hana faida bado. Akisha kukua, akahitimu, akapata kazi na kunisaidia, hapo ndipo nitakapomfurahia. Sasa ni wakati wa gharama tu.

Hoja hii yataka jawabu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye kusema hivyo amemfanya mwanawe kuwa mnazi: aupanda, aungoja miaka, na macho yake yako juu kwenye nazi. Lakini mwanadamu si shamba. Mtoto wa miaka mitatu si mtu mzima aliyechelewa kufika; ni mja kamili wa Mwenyezi Mungu, na siku zake za leo ni sehemu ya umri wake kama siku zako za leo zilivyo sehemu ya umri wako. Kisha mwenye kuahirisha furaha hujizoeza kuahirisha. Mtoto akihitimu, atangoja aoe. Akioa, atangoja wajukuu. Na mauti hayangoji zamu.

Jawabu ya pili ni kwamba si kweli kuwa mtoto mdogo hana faida. Bali faida yake ni ya namna ambayo mwenye haraka haioni. Yumo katika wanavyuoni wa Kishafii wa zamani Abul-Abbas Ahmad At-Tabari, ajulikanaye kwa jina la Ibnul-Qass, aliyekufa mwaka wa 335 Hijria. Zama zake walikuwako watu waliowacheka wapokezi wa hadithi, wakisema kwamba huhifadhi mambo yasiyo na maana. Mfano wao ulikuwa ni hadithi ya Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege akichezea kikafa, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa upole na utani khabari za kijindege chake. Wakasema: ina faida gani hii? Mtu mzima, mtoto mdogo, na ndege aliyekufa! Ibnul-Qass akaandika kitabu kizima juu ya hadithi hiyo, akatoa ndani yake faida sitini: za fikihi, za adabu, na za tabia njema. Kitu kile walichokidharau wenye haraka kilimtosha mwanachuoni kutoa mafunzo sitini. Na ni kitu gani hicho? Ni dakika chache za mtu mkubwa aliyeiona huzuni ya mtoto, asipite.

Basi na sisi tukae tutazame, tutaona. Mtoto huvaa makubadhi ya babaye akayaburura uani, akajiona amekuwa mtu. Husimama juu ya mkeka kando ya babaye anayesali, akasujudu kabla ya imamu wake, akachungulia ubavuni kuona ameinuka au bado. Huchutama kuwatazama sisimizi wakivuta punje ya sukari, na hali babaye amewakanyaga mara mia wala hajawaona. Na wanavyuoni wametuamrisha kuvitafakari viumbe vya Mola, basi ni nani hapo aliyeifanya amri? Kisha huuliza: "Baba, Mungu hulala?" Na baba aisomaye Ayatul-Kursiyyu kila usiku kabla ya kulala hutakiwa ghafla ajibu kwa maneno mepesi jambo ambalo ulimi wake umelizoea mpaka moyo umeacha kulisikia. Naapa kwamba mtu huyo amefundishwa tauhidi na mwanafunzi ambaye hajaanza alifu.

Hapa mwenye fikira atauliza suala gumu zaidi. Furaha si kitu cha amri. Haiji kwa kuitwa. Mtu amechoka na kazi, ana deni, mtoto analia usiku kucha. Atalazimishwaje kufurahi? Na tena, akicheza na mwanawe kwa ajili ya kupata thawabu, je, huo bado ni mchezo, au amemfanya mtoto ngazi ya kupandia?

Jawabu ni kwamba mambo ya moyo hayamo katika hiari ya mja, lakini sababu zake zimo. Huwezi kuuamrisha usingizi, lakini waweza kulala kitandani na kuzima taa. Vivyo hivyo huwezi kuiamrisha furaha, lakini waweza kukaa chini, kuiweka simu mbali, na kumtazama mtoto usoni. Aliye mbali haijii furaha hata akiitaka. Aliye karibu mara nyingi humjia hata hakuitaka. Na siku isipokuja, utakuwa umetimiza haki, na subira nayo ina malipo yake. Ama khabari ya nia, wewe usimbusu mwanao huku ukihesabu thawabu. Mbusu kwa kuwa wampenda, na mshukuru aliyekupa. Mtume (s.a.w.) alipomjibu Al-Aqra hakumtajia hesabu ya malipo, alimtajia huruma. Huruma ndiyo mti, na thawabu ni kivuli chake: mwenye kuupanda mti hupata kivuli bila ya kukifukuzia.

Walakini furaha hii ina adabu zake, na asiyezishika huigeuza.

Kwanza, isiwe ni kujifakhiri. Mwenye kumfurahia mwanawe kwa kuwa amewashinda watoto wa jirani hakumfurahia mtoto. Ameifurahia nafsi yake.

Pili, isibague. Kurani imewalaumu watu wa Jahilia ambao uso wa mmoja wao ulisawijika akipewa khabari ya mtoto wa kike. Na yule aliyebebwa ndani ya sala, alikuwa ni msichana.

Tatu, isimlegeze mtoto wala isimwache bila ya mafunzo. Imamu Al-Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505 Hijria (1111), katika Ihya amehimiza adabu na mafunzo ya watoto, lakini amesema pia kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumzuilia mchezo na kumtesa kwa masomo daima huua moyo wake na huzima akili yake. Sisi wenye kufundisha vyuoni twapaswa kuyasikia maneno haya kabla ya wengine.

Nne, isiwe ni furaha ya kuchagua. Wako mababa wapendao mtoto aliyeogeshwa, anayecheka. Akilia au akichafua nguo humrudisha kwa mama yake upesi. Imo katika Bukhari na Muslim hadithi ya Ummu Qais, aliyemleta mwanawe mchanga, na yule mtoto akakojoa juu ya nguo ya Mtume (s.a.w.). Hakumtupa wala hakukunja uso. Aliomba maji akainyunyizia. Na kwa hadithi hii madhehebu yetu yamehukumu kwamba mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, asiyelishwa ila maziwa, yatosha kuunyunyizia maji yakaueneza. Baadhi ya wanavyuoni wamesema katika hekima yake kwamba watoto hao hubebwa sana na watu. Basi sharia yenyewe imekadiria kwamba mwanamume atambeba mwanawe mpaka kanzu yake iingie najisi, ikamfanyia wepesi. Mtu ambaye hajapata kuihitaji hukumu hii na ajiulize kwa nini.

Tano, isimtoe mtu katika ibada yake. Mtume (s.a.w.) hakuiacha sala kwa ajili ya Umama, wala hakumwacha Umama kwa ajili ya sala. Hiyo ndiyo mizani.

Na tumalizie kwa khabari moja ambayo mwenye hesabu hana jawabu nayo. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mwana akiitwa Ibrahim, naye alikuwa akinyonyeshwa nje kidogo ya Madina, katika nyumba ya mhunzi. Amesimulia Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda huko, akaingia katika nyumba ile iliyojaa moshi, akamchukua mwanawe, akambusu, kisha akarudi. Aliyekuwa na umma wa kuongoza, na majeshi, na wajumbe wa makabila, alikwenda kwa miguu yake kwenye moshi kwa ajili ya busu moja. Katika mwaka wa 10 Hijria Ibrahim akafa hali yu kichanga bado, na macho ya babaye yakatoka machozi mbele za watu. Mtoto yule hakukua, hakuhitimu, hakumsaidia babaye kitu katika dunia. Je, zile safari zilipotea?

Mwenye kusema zilipotea hajui thamani ya kitu. Na mwenye kusema hazikupotea, basi nyumba yake haina moshi, na mwanawe hayuko mbali. Yuko chumba cha pili.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwahurumia wadogo wetu, atupe katika watoto wetu kiburudisho cha macho, na awape subira waliowazika watoto wao. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.