Mwachieni Mtoto Jaribio Lake

Volkano ya maonyesho ya sayansi shuleni tunaijua sote. Mlima wa karatasi uliogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya kahawia, kichupa tumboni, siki, soda ya kuokea, kisha povu jekundu linamwagika juu ya dawati na darasa zima linapiga makofi. Halafu mwalimu anauliza, "Povu limetoka wapi?" Mtoto anageuka kumtazama mama yake. Asimtazame kwa nini? Mama ndiye aliyekesha akibandika.

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, tuache mchezo huo. Mtoto wa darasa la pili si kazi yake kuwashangaza watu. Ashangae yeye kwanza. Na vya kumshangaza viko jikoni, kwenye mikebe, havihitaji fundi wala duka la vifaa.

Chukua unga wa manjano. Aliyewahi kufua kanzu iliyodondokewa mchuzi ameliona hili: doa ni la njano, lakini ukilipaka sabuni ya kipande linageuka jekundu la udongo. Tunashtuka, tunasuuza, tunaanika, basi. Mpeni mtoto doa hilo! Kijiko kimoja cha manjano kwenye nusu kikombe cha maji ya moto (birika ashike mtu mzima), akoroge, achovye vipande vya kitambaa cheupe cha pamba, aanike kivulini. Vikikauka, apange vibakuli vinne: maji ya ndimu, maji ya bomba, maji ya sabuni, na magadi yaliyoyeyushwa, yale yale ya kulainishia maharage. Kabla hajadondosha hata tone moja, mwulize: unadhani kitatokea nini? Aandike, au kama kuandika bado kunamsumbua, achore kwa rangi. Hapo usiruke hata ukiwa na haraka. Karatasi hiyo ya ubashiri ndiyo inayotenganisha jaribio na kiinimacho.

Kwenye sabuni na magadi, kitambaa kitageuka chekundu. Kwenye ndimu na maji kitabaki cha njano. Sasa adondoshe ndimu juu ya ule wekundu aone unjano unavyorudi. Ataomba kurudia. Mwache arudie mpaka ndimu ziishe, ilimradi asijipanguse macho kwa mikono yenye magadi na anawe akimaliza.

Maelezo yake ni mafupi: ndani ya manjano kuna kemikali inayobadilika rangi ikikutana na besi. Sabuni na magadi ni besi. Ndimu ni asidi, nayo huivunja nguvu besi. Mtoto wa miaka saba anayasema hayo vizuri kabisa kwa maneno yake, tatizo ni pale tunapomkaririsha kwa maneno yetu.

Na mtoto mwerevu hataishia hapo. Ataona kwamba ndimu na maji ya bomba vyote vimeacha kitambaa kikiwa cha njano. Je, ni kitu kimoja? Manjano hayawezi kumjibu. Lakini choya inaweza. Ichemshe, ichuje, ipoe: tone la ndimu linaufanya wekundu wake ung'ae zaidi, na magadi yanaugeuza kuelekea buluu au kijani. Jaribio la pili limezaliwa na la kwanza, na hakuna mtu mzima aliyelipanga.

Kama bado unadhani maswali ya watoto ni ya kupitisha wakati, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliingiza maziwa yake ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, kwa sababu nafasi ilikuwa inajaa. Yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipouliza, akaambiwa haiwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakulipuuza. Alirudi chuoni akataka lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Aiskrimu tu!

Mwalimu mwenye darasa lililofurika atasema hana maabara. Anayo: vifuniko vya chupa za soda ndivyo vibakuli, na mrija wa soda ukiuziba juu kwa kidole kisha ukilegeza kidogo unadondosha tone moja moja. Yai kwenye glasi ya maji linazama. Watoto waongeze chumvi kijiko kwa kijiko, wakihesabu, mpaka lielee. Maharage kwenye pamba mbichi, mkebe mmoja dirishani na mwingine kabatini, yaanze wiki nzima kabla ya siku ya maonyesho, si usiku wa kuamkia.

Likigoma je? Shukuru! Puto la kusugua kichwani ili livute nywele litafanya kazi vizuri Dodoma wakati wa kiangazi, ila Dar es Salaam masika yakipamba moto huenda lisivute hata unywele mmoja, kwa sababu unyevu wa hewani hauuachi umeme tuli utulie kwenye puto. Mtoto anayesimama na kusema "nilidhani litavuta, halikuvuta, nadhani ni mvua" amefanya sayansi zaidi ya volkano zote za mwaka huu. Mwalimu, mpe alama kwa sentensi hiyo. Alama za kung'aa kwa karatasi ya manila zipunguze bila huruma, kwani unajua fika nani aliipamba.

Basi Jumamosi hii anzeni. Manila aiandike mtoto mwenyewe, herufi zikipinda zipinde. Siku ikifika, mzazi, kaa benchi la nyuma. Atasahau neno, atamwaga magadi, mwenzake atauliza kama soda nayo itabadilisha rangi ya choya, na hilo hamkulifanyia mazoezi nyumbani. Usinyanyuke. Usimnong'oneze. Hakikisha tu kwamba asubuhi ulimfungashia choya ya akiba na vifuniko vya kutosha, ili aweze kumjibu: "Sijui. Lete soda yako tujaribu."