Kiota Ukutani mwa Pango

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Kwa nini sheria hii inamruhusu mtu kuchukua makinda, lakini inamwamuru amwache mama yao aende zake?

Katika mapango ya mawe ya chokaa ya Asia ya Kusini-Mashariki huishi ndege mdogo wa jamii ya teleka, anayefanana na mbayuwayu. Hula wadudu angali akiruka, na gizani huijua njia kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Kiota chake hukijenga kwa mate, uzi juu ya uzi, kwa majuma kadhaa, hadi kikombe kidogo cheupe kishikamane na ukuta. Humo hutagwa mayai mawili. Wachina hupika supu kwa kiota hicho na hukinunua kwa bei kubwa mno.

Kwenye mapango ya Gomantong, huko Sabah nchini Malaysia, uvunaji una majira yake. Viota vya kwanza huchukuliwa kabla ya mayai. Ndege hujenga tena, na vya pili huachwa mpaka makinda waruke. Lakini mahali pengine wapo wavunaji wasiosubiri. Hutupa mayai, hata makinda, kwa kuwa kiota ndicho chenye bei.

Mtu aweza kusema kwamba hata wale wanaosubiri wanajali mfuko wao tu: wakiua makinda leo, mwakani hawatavuna. Je, huruma yenye faida bado ni huruma? Angalia kwamba Musa haoni haya kuviunganisha viwili hivi. Amri yenyewe imefungwa kwa ahadi ya heri na siku nyingi. Kwa hiyo faida peke yake haiharibu tendo jema.

Hata hivyo, kuna jambo zito zaidi. Ndege aliyelalia mayai ni rahisi kukamatwa kwa sababu hataki kuyaacha. Upendo wake ndio unaomtia mkononi mwako. Sheria inaturuhusu kuchukua, ila si kwa kuufanya uaminifu wa kiumbe kuwa mtego wake. (Na wapo watu wanaonaswa hivyo: mama anayekubali ujira wowote kwa kuwa watoto wana njaa.)

Mvunaji yuko juu ya ngazi, pangoni, gizani. Kiota kina makinda wawili, na mnunuzi anangoja nje. Ni nini kitakachouzuia mkono wake? Je, wewe unanufaika na nani ambaye hawezi kuondoka?