Deni la Ahadi baina ya Mataifa

Ahadi ni deni. Methali hii twaifundisha tangu madarasa ya chini, na kila mwaka hutokea mwanafunzi wa kuuliza: je, deni ambalo mdaiwa hataki kulilipa bado ni deni? Swali hilo ni gumu kuliko lionekanavyo, nasi tumeona tulipime kwa mizani iliyo kubwa kuliko ya mtu na jirani yake, yaani kwa mikataba ya kulindana iliyofungwa na mataifa ya Ulaya.

Mwaka 1925, huko Locarno, Ufaransa na Chekoslovakia ziliahidiana kusaidiana pasipo kukawia endapo Ujerumani ingeishambulia mojawapo bila kuchokozwa. Miaka 13 baadaye mdai alibisha hodi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba, 1938, wakuu wa Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa walikubaliana mjini Munich kwamba Sudetenland, sehemu ya mpakani ya Chekoslovakia, itwaliwe na Ujerumani. Wajumbe wa Chekoslovakia hawakuitwa mkutanoni. Walingoja hotelini hadi walipoletewa habari kwamba nchi yao imemegwa.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Bunduki haikulia. Maadamu nchi ilitolewa kabla ya kushambuliwa, mwanasheria stadi aweza kudai kwamba sharti la mkataba halikupata kutimia, na kwamba Ufaransa haikuvunja hata neno moja. Yamkini asema kweli. Lakini mtu amshurutishaye mwenzake kumfungulia mwizi mlango, ili yeye asilazimike kupigana na mwizi huyo, je, ametimiza ahadi ya ulinzi? Sisi twasema la hasha.

Mataifa matano yaliyotia saini mkataba wa Brussels tarehe 17 Machi, 1948, yaani Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, hayakuwa yamesahau. Katika kifungu cha 4 yaliandika kwamba mmoja akishambuliwa kwa silaha katika Ulaya, wengine watampa msaada wote wa kijeshi na mwinginewo ulio katika uwezo wao. Neno lenyewe ni “wote”. Mkataba wa NATO wa mwaka uliofuata ulimwachia kila mwanachama achukue hatua aionayo kuwa ya lazima. Kwa mwalimu wa lugha tofauti hiyo si ndogo: maneno ya kwanza humfunga msemaji, ya pili humwachia ufunguo mkononi. Hata hivyo, Desemba 1950 kazi za kijeshi za mapatano ya Brussels zilihamishiwa NATO, kwani nyuma ya maneno yale malegevu ilisimama Marekani.

Kwa hiyo wapo wasemao kwamba maneno si kitu, nguvu ndiyo kila kitu. Hatukubali, na sababu yetu ni Luxembourg, nchi ndogo kupita zote tano. Mwaka 1867, huko London, mataifa makubwa, ufalme wa Prussia ukiwamo, yaliahidi kwamba itaachwa nje ya vita vyao. Ikavamiwa na Ujerumani mwaka 1914, ikavamiwa tena 1940. Mwaka 1948 ilikwenda Brussels kutia saini karatasi nyingine, ikaifuta hali hiyo ya kutokuwa upande wowote katika katiba yake. Je, ulikuwa upumbavu? Bila ya ile karatasi ya 1867, yaliyoipata yangekuwa msiba tu, kama mafuriko au nzige. Karatasi iliyageuza yakawa dhuluma, na dhuluma ina mwenye kuulizwa. Tarehe 4 Agosti, 1914, majeshi yake yakiwa tayari yameingia Luxembourg na yakielekea Ubelgiji, waziri mkuu wa Ujerumani, Bethmann Hollweg, alisimama mbele ya bunge lake mwenyewe, akakiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria ya mataifa, na kwamba Ujerumani itajaribu kuyalipa mabaya inayoyatenda.