Kosa la sisimizi mmoja na umma ulio chini ya udongo

KATIKA aya ya 6 ya Suratu Taha, Allah (sw) anapotaja milki yake haishii kwenye mbingu na ardhi na vilivyo baina yake. Anashuka zaidi, akavitaja hata vile vilivyo chini ya udongo. Wengi wetu sura hii tumeihifadhi tangu madrasa, lakini tukiulizwa ni nini hasa kilichopo huko chini, tutajibu mafuta, dhahabu na Tanzanite. Ni sahihi, ila hayo ni machache mno. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, si bwana shamba, kwa hiyo hapa nitasema yale tu ambayo wataalamu wa udongo wamekwishayathibitisha, kisha tuyapime kwa Qur'an na Sunna.

Ndugu msomaji, ukichota kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba, umechota bakteria wanaoweza kufikia bilioni moja. Pamoja nao kuna ukungu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, kuna utitiri, na kuna minyoo wadogo ambao wataalamu huwaita nematodi. Hawa si nyungunyungu tunaowatia kwenye ndoana. Wengi wao hawafiki hata milimita moja, na kuwaona vizuri kunahitaji hadubini. Mwaka 2019 jopo la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyotokana na zaidi ya sampuli 6,000 za udongo kutoka kila bara, wakakadiria kuwa katika kila wanyama watano wa nchi kavu, wanne ni nematodi. Yaani simba, ng'ombe, nzi, kuku na sisi wenyewe tukikusanywa pamoja, bado ni wachache mbele yao!

Sasa wanakula nini? Hapa ndipo pa kuzingatia. Allah (sw) amempa kila mmoja wao mdomo wa riziki yake. Wapo wenye mdomo kama mrija mtupu, hawa hunywa bakteria. Wapo wenye sindano mdomoni, na kati yao baadhi huchoma nyuzi za ukungu na wengine huchoma mizizi ya mimea. Wapo wenye meno, hao huwawinda minyoo wenzao. Mtaalamu akimtazama mdomo tu, anajua huyu anakula wapi.

Na wala usidhani kuwa kuliwa huko ni hasara tupu. Mwili wa bakteria una naitrojeni nyingi kuliko anayohitaji mnyoo anayemla. Ile inayozidi mnyoo huitoa nje ya mwili wake ikiwa katika hali ambayo mzizi unaweza kuifyonza. Nao mmea haukukaa bure, kwani sehemu ya sukari iliyotengenezwa na majani kwa mwanga wa jua huvujia udongoni kupitia mizizi, na bakteria huifuata sukari hiyo na kuongezeka. Mmea unamlisha bakteria, bakteria analiwa na mnyoo, mnyoo anaulisha mmea. Ile naitrojeni tunayoinunua kwa bei ghali katika mfuko wa Urea, kuna viumbe wanaoigawa bure chini ya miguu yetu, usiku na mchana.

Hata mnyoo naye ana wa kumwinda. Kuna ukungu ambao ukihisi kuwa minyoo wapo karibu hutengeneza nyavu zenye gundi. Mnyoo akipita hunasa, na nyuzi za ukungu humwingia mwilini zikamla. Aina nyingine hufanya vitanzi. Mnyoo akiingiza kichwa, kitanzi huvimba na kumbana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wanafunzi wangu nilipowasimulia hili walicheka wakadhani natunga. Aya ya 38 ya Suratul An'aam inatufundisha kuwa wanyama watambaao katika ardhi ni umma mbalimbali kama sisi tulivyo umma. Umma una wakulima wake, una askari wake, una wezi wake.

Wezi ndio tunaowafahamu. Mkulima wa nyanya anapong'oa mche uliodumaa akakuta mizizi ina manundunundu, huyo ni mnyoo fundo. Mkulima wa ndizi kule Kagera anapoona migomba yake inaanguka na mikungu ikiwa bado michanga, mara nyingi ni minyoo pamoja na fukusi wa migomba. Hasara hiyo ni ya kweli, ni ada ya shule na chakula cha watoto. Sitaki mtu anielewe kuwa nawatetea minyoo dhidi ya masikini.

Nauliza tu hukumu tunayoipitisha. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (ra) kwamba Mtume (saw) alisimulia habari ya Nabii mmoja miongoni mwa Manabii waliotangulia. Alipumzika chini ya mti, sisimizi mmoja akamuuma. Akaamuru mizigo yake iondolewe, kisha makazi yote ya sisimizi wale yakachomwa moto. Allah (sw) akamlaumu kwa wahyi: aliyeuma alikuwa mmoja, mbona umeteketezwa umma unaomsabihi Mola wake? Angalia kwamba lawama haikuwa juu ya kumwadhibu aliyeuma. Lawama ilikuwa juu ya waliobaki.

Sisi tunafanya nini? Baada ya mavuno tunachoma mabua shamba zima. Moto wenyewe hauzami sana ardhini, lakini huua walio juu na kuteketeza chakula cha walio chini. Kisha tunakwenda duka la pembejeo tukaomba "dawa kali". Dawa nyingi za aina hiyo hazichagui. Zinamuua mwizi, zinamuua askari aliyekuwa akimkamata mwizi, na zinamuua mkulima aliyekuwa akigawa naitrojeni. Msimu unaofuata mnyoo fundo anarudi, kwa sababu mayai yake ni mengi na maadui zake hawapo. Dawa inaongezwa.

Aya ya 205 ya Suratul Baqarah inamweleza mtu ambaye akishapata nguvu huzunguka katika ardhi akifanya ufisadi, akaangamiza mimea na kizazi, na Allah hapendi ufisadi. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa iliteremka kwa Akhnas bin Shariq, aliyepita penye mazao ya Waislamu akayachoma na kuwaua punda wao. Khutba zetu zikifika kwenye neno ufisadi huishia kwenye baa na mavazi. Neno mimea limo ndani ya aya, na halizungumzwi.

Na neno kizazi? Tangu miaka ya 1950 iliuzwa dawa ya kuua nematodi yenye kemikali ya DBCP, jina lake la dukani likiwa Nemagon. Ilimwagwa katika mashamba makubwa ya ndizi ya Costa Rica, Nicaragua na Honduras. Mwaka 1961 yalichapishwa majaribio yaliyoonesha kuwa inasinyaza korodani za panya. Biashara ikaendelea. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko California waligundulika kuwa hawana mbegu za uzazi, na mwaka 1979 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yake yote. Nje ya Marekani iliendelea kutumika hata baada ya mwaka ule wa 1977. Maelfu ya wanaume wa mashamba ya ndizi walifungua kesi wakidai kwamba imewanyima watoto. Alilengwa mnyoo asiyefika milimita moja, akapigwa baba wa familia. Mimea na kizazi, kwa mpangilio ule ule wa aya!

Atauliza mwenye kuuliza, basi tuwaache watule? La. Chipukizi la mgomba linamenywa mizizi yote na maganda yaliyooza, kisha linazamishwa katika maji ya moto wa nyuzi 50 hadi 55 kwa takriban dakika 20 kabla ya kupandwa. Minyoo waliojificha ndani hufa, na umma wa shambani haukuguswa. Huyo ndiye sisimizi mmoja. Wazee wa Kagera nao walikuwa wakitandaza nyasi na samadi katika vibanja vyao, na samadi hiyo hulisha bakteria na ukungu pamoja na wale wanaowinda minyoo. Ibn al-Awwam wa Ishbilia, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 12, alianza na mlango wa kuujua udongo, na mlango uliofuata ukawa wa mbolea. Nyanya nazo zipo mbegu zinazostahimili mnyoo fundo, na kubadilisha mazao kunasaidia, muradi mtu aulize kwanza ni zao gani mnyoo huyo halili, maana anakula mengi.

Misikiti yetu mingi ina mashamba ya wakfu. Ardhi hiyo si ya kamati wala ya imamu, na anayelipwa kwenda kuipiga dawa mara nyingi ni kijana asiye na glovu wala kitambaa cha puani. Kabla ya mvua za vuli kamati zitakutana kupanga kazi za shamba. Mtu mmoja katika kila kikao aulize mambo mawili, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu: mabua yatachomwa au yatatandazwa, na dawa iliyomo stoo lebo yake inasema inaua nini.