Bastola na Sungura

Katika Marekani wako watu wapendao kukusanya rivolva kama wengine wakusanyavyo sarafu za kale. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, nayo silinda ina matundu ya risasi, aghalabu sita. Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya namna hii nchini humo mwaka 1836; na mwaka 1857 Smith & Wesson walianza kuuza ndogo, ya risasi za kipimo cha .22. Mkusanyaji huzipaka mafuta, huzifungia kabatini, na siku moja moja hutoka na mojawapo kwenda kuwinda sungura na kindi.

Yamkini utauliza, msomaji, kwa nini asichukue bunduki. Atakujibu kuwa bunduki hurahisisha mno kazi. Rivolva ina mtutu mfupi, haina kitako cha kuegemeza begani, na mtetemo mdogo wa mkono huipotosha risasi. Kwa hiyo, asema, mnyama hupewa nafasi, na huo ndio uadilifu.

Neno hili ni tamu masikioni, nami nililikubali kwa muda mrefu. Lakini fundi wa bao ampapo mwenzake nafasi, hasara ikitokea ni yake mwenyewe. Hapa hasara ni ya nani? Risasi ikimkosa sungura kabisa, hukimbia akapona. Ikimpata kichwani, hufa papo hapo. Kati ya mawili hayo pana la tatu: mguu uliovunjika, au tumbo lililotoboka, na mnyama aingiaye shimoni kufa polepole asikoonekana. Ugumu ule aliuchagua mwindaji, sungura hakuulizwa.

Wawindaji walio bora wanalijua jambo hili. Hupiga karatasi kwanza, wakapima ni umbali gani risasi zao zote sita hukaa ndani ya ukubwa wa kichwa cha sungura. Umbali huo ndio mpaka wao. Sungura akiwa hatua tano kupita hapo, bastola huteremshwa. Watu hawa hurudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi, na nyama waipatayo huila. Sisemi kuwa kila dhamiri itaridhika nao. Nasema tu kwamba ni tofauti na yule atokaye ili aijaribu hazina yake mpya, ambaye kwake sungura amegeuka kuwa karatasi ya shabaha.

Kwetu Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na huenda wewe usishike rivolva maisha yako yote. Lakini manati je? Yule ndege uliyempiga bawa, akaangukia katika majani ya shamba la jirani, ulikwenda kumtafuta?