Papa, Ukichelewa Niende kwa Nani?



Miezi hii wazazi wengi wanakuja kuniaga. Mmoja ameuza mbuzi, mwingine ameacha shamba lake kwa jirani. Wanachukua mtoto mmoja au wawili, wanaondoka hapa Nakivale kwenda kupanga chumba katika mji mdogo ulio karibu na Kampala au Mbarara. Mjini kwenyewe hawapawezi, kwa maana kodi ni kubwa. Basi wanatafuta mahali ambapo mtu anaweza kwenda mjini asubuhi kutafuta kazi na kurudi jioni. Nikiwauliza sababu, karibu wote wananijibu: "Mchungaji, ni kwa ajili ya mtoto."

Leo naomba tulitazame jibu hilo pamoja. Mtoto huyu amekwisha kuhamishwa mara moja na vita. Je, ni haki mzazi amhamishe mara ya pili kwa hiari yake? Na kama ni haki, ana deni gani kwa mtoto huyo?

Kwanza niseme wazi kwamba kuhama si dhambi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea katika nchi hii, neema ambayo ndugu zetu wa kambi ya Nyarugusu kule Tanzania hawana, maana wao hawatoki bila kibali. Tena tunajua hali ya chakula. Mwaka 2020 mgao ulipunguzwa, na mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakapunguziwa tena, wengine wakaondolewa kabisa. Baba anayeona sufuria tupu akaamua kwenda kutafuta, tusimwambie kwamba amekimbia kanisa. Kukaa hapa kungojea mgao hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu kuliko aliyeondoka.

Lakini nina jambo la kuungama mbele yenu.

Mwaka 2013 niliondoka hapa kwenda chuo cha Biblia, nikapanga chumba katika mji mdogo kwenye barabara ya Jinja, nje ya Kampala. Nilimchukua kijana wangu wa kwanza, naye alikuwa na miaka tisa. Barua niliyowaandikia wazee wa kanisa ilisema kwamba namchukua kwa ajili ya masomo yake. Ukweli ni kwamba masomo yalikuwa yangu. Mtoto nilimchukua kwa sababu niliogopa kuishi peke yangu, na mama yake alibaki na wadogo na shamba. Nilitumia jina la mtoto kufunika haja yangu mwenyewe.

Kijana alikuwa anajua Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu Rutshuru, na Kinyankole kidogo alichokiokota hapa kwa watoto wenzake. Kule alikuta Kiganda kila upande. Wenzake walimcheka anavyosema, naye akaanza kunyamaza. Mimi niliona amekuwa mtoto mtulivu, nikamshukuru Mungu.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, magari yakakwama njiani, nikafika nyumbani saa mbili usiku. Nilimkuta ameketi mlangoni, sare ya shule imelowa mwilini. Ufunguo ulikuwa umempotea. Vyumba vya majirani vilikuwa na taa, watu walikuwa ndani wanakula. Nikamuuliza kwa hasira, "Kwa nini hukubisha hodi kwa mtu?" Akaniambia, "Papa, wewe ukichelewa, mimi niende kwa nani?"

Nilikosa neno. Hapa kijijini kwetu angekuwa na milango kumi: kwa shangazi yake, kwa shemasi, kwa mama wa kwaya, kwa wale tuliokimbia nao mwaka 2008. Kule nilikuwa nimekaa miezi minne, na sikujua jina la mtu wa chumba cha pili. Nilihesabu kodi, nikahesabu bei ya makaa, ya jerikani ya maji na ya daftari. Watu sikuwahesabu.

Usiku ule nilisoma habari za Loti. Mnakumbuka katika Mwanzo 13 alichagua kwa macho. Aliona bonde lenye maji, akasogeza hema yake mpaka karibu na mji mkubwa. Kisha katika sura ya 19, mji ulipokuwa unaangamizwa, alimwomba malaika amruhusu akimbilie Soari, na sababu aliyoitoa ni kwamba ni mji mdogo, tena uko karibu. Akaruhusiwa. Lakini hakudumu. Aliogopa kukaa Soari, akawachukua binti zake wawili, akapanda nao mlimani kukaa pangoni, mahali pasipo mtu mwingine. Yaliyofuata mnayajua, ni aibu na huzuni. Katika safari zote hizo hatusomi mahali popote kwamba Loti aliwauliza binti zake neno. Walihamishwa kwa tamaa, wakahamishwa kwa hofu, mwisho wakabaki bila jirani hata mmoja.

Sasa tazameni mji mwingine mdogo. Yusufu naye alikuwa mkimbizi, akirudi kutoka Misri na mke na mtoto. Mathayo 2 inatuambia aliogopa kukaa Uyahudi kwa sababu ya mtawala wake, akaenda Nazareti. Nazareti ilikuwa kijiji, na mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu ulikuwapo mji wa Sepphoris, ambao Herode Antipa aliujenga upya. Basi Bwana wetu alilelewa mahali padogo karibu na mji, kama hapo mnapotaka kwenda. Tofauti na Soari iko wapi? Someni Luka 2. Mtoto ana miaka kumi na miwili, wazazi wanatoka Yerusalemu, wanatembea siku nzima bila kumwona, wala hawana wasiwasi, kwa sababu wanadhani yuko katikati ya jamaa na watu wanaofahamiana nao. Mtoto wa Nazareti alikuwa na watu wa kwenda kwao.

Kwa hiyo nasema hivi: mzazi ana haki ya kumhamisha mtoto, lakini ana deni la kumjibu swali lile kabla ya kupakia godoro kwenye gari. Mkono mmoja haulei mwana. Shule nzuri na taa ya umeme ni vitu vyema, lakini mtoto aliyekimbia vita akiwa mgongoni anahitaji kwanza kujua ni mlango gani utakaofunguliwa akibisha.

Deni hilo lina sehemu tatu. Ya kwanza, mwambie mtoto ukweli. Kama unakwenda kwa ajili ya kazi yako, sema ni kazi. Mtoto akiambiwa kila taabu ni kwa ajili yake, atabeba mzigo usio wake. Ya pili, tangulia wewe peke yako. Lala huko siku mbili tatu, tafuta kanisa, msalimie mwalimu, mwone jirani, jifunze salamu za watu wa pale. Ya tatu, muulize mtoto anaogopa nini. Uamuzi ni wako mzazi, lakini msikilize mpaka amalize.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, na yule mama mjane ambaye njaa inamsukuma, wala hana mtu hata mmoja huko, afanye nini?" Swali hilo ni zito, na mimi sithubutu kumwambia akae afe njaa. Naona kwamba hapo deni linahama kutoka kwake kuja kwetu. Sisi tunaobaki tumwandikie barua ya utambulisho, tumtafutie namba ya simu ya ndugu mmoja katika mji ule, na tumpigie. Nanyi mliokwisha kuhamia huko na bado mnasoma karatasi hii, mlango wa kwanza wa mtoto huyo ni wenu.

Kijana wangu sasa ana miaka ishirini na moja. Baada ya usiku ule nilimshika mkono, tukaenda kuwasalimu majirani chumba kwa chumba, kisha mama wa duka, kisha mzee wa kanisa la pale, na kwa kila mmoja nilisema, "Huyu ni mtoto wangu, nikichelewa atakuja hapa." Hakuna aliyekataa. Ni miezi minne tu nilikuwa nimechelewa kuomba.

Yeyote anayefikiri kuhama, aje anione baada ya ibada ya Jumapili, na aje pamoja na mtoto.

Mungu awabariki na awalinde.

Ndimi mchungaji wenu.